Mgawa Maji

Riwaya ya jangwa niliianza kabla baba hajaugua, na nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa nyumbani wanapenda kudai kwamba nilimgeuza mgonjwa kuwa hadithi. Niliianza msimu ambao mvua ilichelewa na kila mtu mjini kwetu Kamembe alikuwa akitazama mbingu kwa jicho baya. Nikajiuliza, je, isiponyesha tena kabisa? Nikaufunika ulimwengu wote mchanga. Ziwa Kivu nikalikausha mpaka likawa shimo refu jeupe, na kisiwa cha Nkombo kikabaki mlima mkavu katikati ya shimo hilo, na juu ya mlima nikaweka watu wa mwisho, pamoja na tangi moja la chuma.

Tangi lilikuwa na mlinzi wake, mwanamke niliyemwita mgawa maji. Kila asubuhi watu walipanga foleni naye akampa kila mmoja kipimo chake. Hakuongeza tone kwa mjamzito wala kwa mzee. Nilimpenda sana mwanamke huyo. Nilimpa sauti yangu ninayoitumia darasani, maana mimi ni mwalimu wa sekondari na najua kusema hapana.

Halafu moyo wa baba ukachoka. Miguu ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, akawa hawezi kulala bila kuegemea mito. Daktari alituweka chini akatueleza taratibu kwamba moyo hausukumi tena damu inavyopaswa, maji yanabaki mwilini, na yakizidi yatapanda kwenye mapafu. Akasema baba atumie lita moja tu kwa siku, na ndani ya lita hiyo ihesabiwe chai, uji, supu, hata nanasi. Baba alicheka. Alikuwa dereva wa lori la mchele miaka yote tangu turudi kutoka Congo, alipanda na kushuka bonde la Bugarama kwenye joto, na kunywa maji ilikuwa starehe yake ya pekee isiyomletea maneno na wachungaji.

Mama alifariki tukiwa bado Bukavu, huko Congo. Nyumbani tulikuwa watatu, baba, mdogo wangu wa kike na mimi. Mdogo wangu ana huruma nyingi, akiona mtu ana kiu machozi yanamlenga. Kwa hiyo chupa nikaishika mimi.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na ukikaa barazani unaliona ziwa lote. Sijui kama kuna adhabu mbaya kuliko hiyo. Mvua ilikuwa imesharudi, inapiga mabati kila alasiri, mapipa yanafurika, na baba amekaa kwenye kiti chake na midomo iliyopasuka, anasikiliza maji yakimwagika bure. Alasiri hizo nilimsomea nilichoandika, ili asahau. Wazo lenyewe lilikuwa la kijinga, naona sasa, kumsomea mtu mwenye kiu habari za watu wenye kiu. Lakini yeye ndiye aliyeomba.

“Soma ile ya bale batu ba mchanga,” alikuwa akisema. “Nione kama banateseka kunipita.”

Alikuwa msikilizaji mkali. Sura ya pili ilimchosha kwa sababu watu wangu walikuwa wakizungumza maji kila wakati. Akaniambia mwenye kiu hazungumzi maji hata kidogo, anazungumza makosa ya wenzake. Nilimtazama vizuri nikakumbuka kwamba tangu asubuhi alikuwa akimsema mdogo wangu, kisha jirani, kisha marehemu tajiri wake wa lori. Nikafuta sura yote nikaanza upya.

Kisha nikaanza kumwibia, na hilo sijuti. Alikuwa na hila zake. Alisukutua mdomo kwa muda mrefu mno na maji aliyotema yalikuwa machache kuliko aliyochukua. Aliomba kitambaa kibichi cha kujipoza uso, nikikirudia nakikuta kimekamuliwa kabisa. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba ameinamisha kichwa chini ya bati, eti anaangalia mfereji wa mvua kama umeziba. Hila hizo zote nilizipa mzee mmoja katika riwaya, na huyo mzee nikamfanya baba wa mgawa maji. Niliposoma sura hiyo baba alinisikiliza mpaka mwisho.

“Huyu mzee namujua,” akasema mwishowe.

“Ni mtu wa kutunga tu, Papa.”

“Mutunge vizuri basi. Umupe maji. Ni baba yake.”

“Akimpa yeye atampa nani tena? Tangi litakauka, watakufa wote.”

“Ule mwanamuke wako hana roho.” Akageuza shingo akalitazama ziwa. “Mu kitabu maji haiko, nakubali. Hapa maji iko mingi na miye nakatazwa. Nani anateseka zaidi?”

Nilikuwa nimefika mahali ambapo mgawa maji anamkamata baba yake usiku akiwa ameweka mdomo kwenye bomba la tangi, na kuanzia hapo kalamu ilikwama. Wiki zikapita. Baba aliulizia mwisho kila siku, na kila siku nilimwambia bado. Alikuwa ameufanya kesi yake mwenyewe, akimtetea yule mzee kwa hoja mpya kila alasiri.

Katikati ya hayo, kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, alinichenga. Nilikwenda kusaidia jikoni, nikarudi, nikakuta chupa mbili za bia tupu chini ya kiti chake na yeye anatabasamu. Alasiri ya kesho yake alikuwa anazama kitandani. Sina neno lingine. Alikuwa amekaa wima kwenye shuka kavu, anavuta hewa kwa mdomo wazi, na kifuani mnasikika maji yakichemka. Tulimpeleka hospitali kwa gari la kuazima. Walimtoa maji kwa dawa, akarudi, lakini daktari alinivuta pembeni akaniambia akirudia hivyo tena yeye hawezi kuahidi kitu. Tangu siku hiyo nilianza kuogopa kila glasi iliyomo nyumbani.

Na harusi ya mdogo wangu ilikuwa inakuja.

Mchumba wake ni kijana wa Bukavu, wazazi wake ni Washi, kabila la huko, watu wa heshima na kanisa. Walikuwa waje na wazee wao kuvuka mpaka wa Rusizi ya Pili kuomba mke kwa mila. Baba alituita mimi na mdogo wangu akatuapisha kwamba wakwe wasisikie lolote juu ya moyo wake. Alisema wakijua watasema binti naye anao ugonjwa huo. Labda kweli. Lakini nadhani sababu kubwa ni kwamba hakuwahi kuitamka hiyo habari kwa mdomo wake, hata kwetu. Alisema “hii maneno ya miguu,” kama kwamba miguu ilikuwa na kesi yao peke yao. Tuliapa. Mdogo wangu alilia akiapa, mimi nilikasirika nikiapa.

Ugumu ulikuwa kwenye kibuyu. Kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, na hata soda hufunguliwa ukiwa unaiona. Watu wa huku na ng’ambo wamelelewa na hofu ya karuho, sumu ya polepole ambayo kila familia ina marehemu mmoja inayedai alikufa nayo. Basi siku ya kuomba mke, kibuyu cha kasiksi, yaani pombe ya ndizi, huwekwa katikati. Mwenye nyumba anaonja, kisha yeye na mzee wa upande wa pili wanaingiza mirija yao humo humo na kunywa pamoja mpaka kibuyu kilie kwa kuishiwa, ndipo maneno ya mahari yanaanza. Kibuyu tulichotafutiwa kilikuwa kikubwa. Nilipokiona niliuliza nani amekichagua, nikaambiwa ni baba mwenyewe.

Nilikwenda kwa baba mdogo, ndugu yake, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu. Yeye aliujua ugonjwa. Tukapatana kwamba ataonja yeye na atakunywa yeye, kwa kisingizio kwamba msemaji ni mdomo wa kaka yake. Baba aliposikia alitikisa kichwa akasema ni sawa. Alikubali upesi mno, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi kuliko kama angegomba.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Asubuhi niliona viatu vyake vimeshindwa kufungwa, kamba zinaning’inia. Maana yake alikuwa ameshakunywa kitu mahali fulani. Nilimuuliza, akanijibu kwamba siku ya furaha ya mwanawe haifai kufanywa siku ya polisi. Wakwe walichelewa mpakani, jua likawa kali chini ya turubai, na yeye akawa amekaa mstari wa mbele katika koti lake, jasho linamtoka, anatazama kibuyu. Wageni walipofika na kuimba na kukaa, na wasemaji wakaanza kutaniana kama ilivyo desturi, watu wote walicheka. Mimi sikusikia hata utani mmoja. Nilisimama nyuma ya kiti cha baba nimeshika trei ya soda, natazama shingo yake.

Baba mdogo akaonja kama tulivyopatana, akameza, akafuta mdomo. Mzee wa upande wa pili hakuusogelea mrija. Alikuwa mtu mzima kupita wote pale, mwenye kofia ya rangi ya kahawia ambayo hakuivua, na alisema kwa upole tu.

“Mwenye nyumba njo anaonja. Si ndugu yake.”

“Miye ni mudomo wake, mzee,” akasema baba mdogo.

“Nakubali. Lakini mudomo yake mwenyewe naiona pale, iko muzima.”

Watu wakacheka tena. Baba alishaegemea mbele. Mtu akamsogezea kibuyu, naye akaushika mrija kwa mikono miwili.

Kuonja ni funda moja. Nilijiambia funda moja halina neno, nitalitoa kwenye lita ya kesho. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Likapanda tena. Halikusimama. Yule mzee wa kofia naye akaingiza mrija wake, akainama, kwa hiyo kwa macho ya wote pale hapakuwa na kitu cha ajabu, wazee wawili wanakunywa kwa amani na wanawake wa upande wao wanaanza kuimba. Mimi peke yangu nilikuwa naona mtu anayejizamisha. Macho yake yalikuwa yamefumba. Uso wake ulikuwa mzuri, sijauona mzuri hivyo tangu augue. Nilimwita kwa sauti ndogo, “Papa.” Hakusikia au hakutaka.

Niliweka trei chini nikanyoosha mkono nikautoa mrija kinywani mwa baba yangu mbele ya familia zote mbili.

Nyimbo zilikatika. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu, kwa kuitwa binti asiye na adabu. Kilichotokea sikukifikiria kabisa. Mzee wa kofia alitema alichokuwa nacho mdomoni, akaudondosha mrija wake, akasimama. Nikamwona shangazi wa bwana harusi akiweka soda yake chini polepole, na wa pembeni yake akaweka yake. Neno halikutamkwa, lakini lilipita viti vyote na nikalisikia. Binti wa nyumba amemzuia baba yake asinywe. Binti anajua kilichomo.

“Juu ya nini unakataza baba yako pombe ya mu nyumba yake?” mzee akaniuliza. Mkono wake ulikuwa kooni. Baadaye niliambiwa kwamba yeye alimzika kaka yake na hadi leo anaamini ni karuho.

Nilikuwa nimeapa. Mdogo wangu alikuwa ndani, amevishwa, anasubiri kuitwa, na najua alikuwa akisikia kila kitu dirishani.

Baba akaninyooshea mkono, akaniita kama anavyoniita akinibembeleza. “Nipe hiyo kibuyu, maman. Nitakunywa mbele yabo, baone.”

Alisema kwa sauti ya mtu mwenye haki, na haki alikuwa nayo. Lilikuwa jibu rahisi kupita yote. Angekimaliza, wakwe wangeona, ndoa ingepona, na yeye angekuwa amekufa kwa ajili ya binti yake badala ya kufa kwa kiu ya pombe ya ndizi. Nilimsoma yote hayo usoni. Nilimchukia kidogo wakati ule, nasema kweli, kwa kupata sababu nzuri namna ile.

Nikakiinua kibuyu nikanywa mwenyewe. Mimi ni mwanakwaya, sijawahi kuonja kitu kile, na kilikuwa kichachu kikanimwagikia kifuani. Nilikunywa mpaka pumzi ikakatika, nikapumua, nikanywa tena mpaka kikabaki kidogo chini. Baba mdogo alikuwa akisema “basi, basi.” Nilipokishusha, mzee wa kofia alikuwa bado amesimama.

“Weye umekunywa, nimeona,” akasema. “Lakini haujanijibu.”

Nikamgeukia baba. Nilikuwa nimefanya yangu yote, iliyobaki ilikuwa yake peke yake, na nilimtazama hivyo, bila huruma. Turubai lilikuwa linapigwa na upepo wa ziwani. Nilidhani hatasema. Nilianza kufikiria namna ya kumwambia mdogo wangu avue nguo zile.

Baba akainama. Akahangaika na kiatu chake cha kulia, kikamshinda, baba mdogo akapiga magoti akamsaidia kukivua, kisha soksi. Akauweka mguu wake juu ya mkeka, mbele ya wakwe, umevimba unang’aa. Akaubonyeza kwa dole gumba, akaondoa dole. Shimo lilibaki pale kwenye nyama. Wote tulikuwa tunalitazama na halikujaa.

“Miye ni mugonjwa, mzee,” akasema. “Moyo yangu imechoka. Dokta alinikataza pombe, alinikataza maji, hata supu. Huyu mutoto njo ananichunga. Niliwaficha. Kama munarudi kwenu, murudi juu ya hiyo, si juu ya sumu.”

Mzee wa kofia akaja taratibu akapiga goti kwa shida, akaweka dole gumba lake kwenye mguu wa baba, kando ya shimo la kwanza, akabonyeza. Akatazama. Kisha akakiomba kibuyu, akatafuta mrija wake chini akaufuta kwenye suruali, akanywa kilichobaki mpaka kibuyu kikalia.

Mdogo wangu aliolewa. Wakwe humtumia baba salamu kila wanapovuka, na wakija kwetu hawanywi kitu mbele yake mpaka aingie ndani, jambo linalomuudhi mno.

Mimi baba hakuniongelesha. Usiku ule hakuzama, daktari alimwongezea dawa na maji yakashuka, na kila asubuhi nilimpelekea kipimo chake, akapokea, akanywa, akanirudishia kikombe bila kuniangalia. Nilikuwa nimemwokoa na alikuwa hai na hakunishukuru, na nilikuwa mpweke katika nyumba ile kuliko nilivyowahi kuwa. Kwa mdogo wangu aliongea kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kwangu, kikombe.

Ndipo nikaandika mwisho wa riwaya, kwa siku chache tu. Mgawa maji anamvuta baba yake kutoka kwenye bomba mbele ya watu wote wa mlimani. Mzee anaishi. Tangi linaendelea. Hakuna anayemshukuru mwanamke yule, na baba yake anapopita kwenye foleni asubuhi anapokea kipimo chake, anakunywa, na kumgeuzia mgongo. Sikuongeza mvua wala msafara wa kuwaokoa. Nilimpelekea baba kipimo cha alasiri, nikakaa kwenye baraza bila kuombwa, nikasoma kwa sauti. Sikuthubutu kuinua macho mpaka nilipofika chini ya ukurasa.

Alikuwa ameshika kikombe bado kimejaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuona amesahau kunywa.

“Hapo umesema kweli,” akasema.

Sauti yake ilikuwa imekauka.

“Lakini anamuchukia mpaka lini? Huyu mzee.”

“Hilo sijaandika, Papa.”

Akafikiri. Akanywa kidogo, akaliweka funda mdomoni muda mrefu kabla hajalimeza.

“Andika mpaka kesho,” akasema. “Halafu kesho uniulize tena.”